Kija Ameshafika

Nesi kama Teodora hukumpata mtaa mzima wa Kiseke, na hata nesi mwenyewe hakuwa. Alikuwa msichana wa kazi. Lakini mpe bibi aliyepooza upande mmoja, mzito kama gunia la mpunga, halafu kaa pembeni utazame! Anamkunja goti, anamvusha mkono kifuani, anamshika bega na nyonga, haya, bibi kageuka kama chapati. Mwaka na nusu Ma Kokugonza alikuwa amelala chali, na mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja.

Bibi huyo alikuwa mama mkwe wa Mama Longino, mwenye nyumba. Wangemlaza hospitali, ila ndiyo miaka ile ya tisini na kitu, hospitali zimeanza kutaka watu wachangie, na Baba Longino naye kapunguzwa kazi, shirika lao limeuzwa. Basi chumba cha nyuma kikawa wodi, na Teodora akawa nesi.

Ila pale nyumbani hakuna aliyemwita Teodora. Wote walimwita Kija. Ilianzia kijijini. Darasa la saba alifeli, na kurudia kulikuwa marufuku, kwa hiyo mwalimu mkuu akamkalisha kwenye jina la msichana aliyeacha shule akaolewa, Kija Shigela. Wala haikuwa ajabu, wengi walisoma hivyo. Akafanya mtihani upya, akafaulu, na cheti kikatoka Kija Shigela. Teodora akabaki kwenye kadi ya ubatizo tu, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, anatembea nayo kila aendako.

Siku moja Mama Longino karudi kutoka ofisini, Nyamagana, na fomu mkononi. Chuo cha hospitali moja ng'ambo ya kivuko cha Busisi kilikuwa kinachukua wanafunzi wa uuguzi msaidizi, hata wa darasa la saba.

"Kija mwanangu, hii ni yako kabisa! Utavaa kofia nyeupe, sisi tutakuamkia."

"Mama, mimi sina sanduku la posta."

"La kwetu lipo. Leta cheti, tena leta picha mbili."

Teodora alifurahi mpaka akaona haya. Na kwa ile furaha, akasema ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama, kuna kitu. Hilo jina la kwenye cheti silo nililozaliwa nalo."

Kalamu ya Mama Longino ikasimama. Akasikiliza habari yote, mwalimu mkuu, kuolewa kwa Kija, kadi ya ubatizo. Halafu akacheka vizuri kabisa, akampigapiga begani.

"Nani atajua? Mimi na wewe. Nenda kapige picha."

Akaenda studio, kajipaka poda, kaazima blauzi ya jirani. Zilipotoka alizitazama njia nzima. Mama Longino akazipokea pamoja na cheti.

"Nitabandika ofisini, kule kuna gundi."

Mle ndani alikuwepo pia Hellen, mtoto wa kaka yake Mama Longino, mtoro wa shule toka darasa la tano, kazi yake kucha na kioo. Akipita chumba cha nyuma anaziba pua. "Nesi wa mikojo, shikamoo!" Baada ya miezi miwili Hellen akaondoka. Karudi Bukoba kwao, walisema.

Teodora akangoja. Kila jioni swali lile lile.

"Mama, barua?"

"Bado mwanangu. Posta yetu si unaijua?"

Asubuhi moja akanyanyua pembe ya godoro la bibi achomeke shuka. Chini yake kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha, yeye. Mara mbili. Na poda yake na blauzi ya watu. Gundi haikuwahi kuzigusa.

Masikini, unajua alifikiri nini? Alifikiri Mama kasahau! Fomu imekwenda bila picha, ndiyo maana hawajajibu!

Ma Kokugonza akamdaka mkono kwa mkono wake mzima, akasema kwa nusu ya mdomo, "Rudisha. Usiende."

"Bibi, narudi leo leo. Ni picha tu."

"Usiende, wewe."

Teodora akaona ni deko la uzee. Akamgeuza ubavu, akamwekea mto mgongoni, akatoka. Alivuka na feri ya kwanza aliyoikuta kivukoni Kigongo, bahasha kifuani, huku akiyafanyia mazoezi maneno ya kumwambia mkubwa wa chuo.

Mkubwa mwenyewe, Matroni, alikuwa mama mnene mwenye miwani. Aliamkiwa, akatajiwa jina, akafungua daftari.

"Kija Shigela? Ameshafika. Huu mwezi wa pili."

"Hapana Sista, ndiyo mimi. Nimeleta picha."

Matroni akazitazama picha, akamtazama yeye, akatuma mtu amwite huyo aliyefika. Na kutoka wodini, ndani ya gauni la bluu bahari lililopigwa pasi, akaja nani? Hellen! Alishtuka kidogo tu. Halafu akatabasamu kama mwenye duka.

"Sista, huyu namfahamu. Ni msichana wa kazi wa shangazi yangu. Anaitwa Teodora."

"Mwongo! Sista, cheti hicho ni changu!"

"Mwambie akuoneshe kadi yake," Hellen akasema. "Anatembea nayo."

Matroni akanyoosha mkono. Teodora akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, akampa. Karatasi nyingine yenye jina hakuwa nayo, na aliyokuwa nayo ilimuumbua. Matroni akaisoma kwa sauti, polepole: Teodora. Akairudisha kwa ncha za vidole.

"Binti mzima, unakuja kumwibia mwenzako jina?"

Teodora alijaribu kueleza. Lakini kila alipoanza ilibidi aanze na jina la watu, na kila alipofika hapo Matroni alitikisa kichwa. Akaambiwa atoke.

Korido ilipita mlango wa wodi. Ndani, Hellen alikuwa karudi kwa wenzake, kamshika mzee mmoja kwapani anamvuta, mzee analia. Teodora hakujizuia. Akaingia, akakunja goti la mzee, akavusha mkono, bega, nyonga. Mzee akageuka, akanyamaza.

Matroni alikuwa mlangoni.

"Umefundishwa wapi hivyo?"

"Kwa bibi yangu pale kazini, Sista."

Matroni alimwangalia mzee alivyolala, halafu Teodora.

"Basi rudi kwa bibi yako," akasema. "Kija, endelea."

Kwingine kwa kwenda hakuwa nako. Na njia nzima aliwaza mgongo wa Ma Kokugonza, aliyelala ubavu mmoja toka asubuhi.

Alifika jioni. Bibi kalowa, begani pamefanya alama nyekundu, na upande wa mdomo unaofanya kazi ulikuwa unacheka kwa kumwona. Mama Longino alikuwa amekaa sebuleni anachambua mchele. Alimwona na bahasha mkononi, akaelewa, wala hakuhangaika kuuliza. Akapuliza makapi.

"Teodora," akaita, mara ya kwanza toka wajuane. "Chemsha maji. Bibi kajikojolea."