Pini tatu za upinde na mishale inayopita juu: kilichonikuta Buffalo kabla ya kuwinda kulungu

Wakuu, salaam popote mlipo.

Haya hayana chumvi. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari, nikiongeza neno ananiumbua hapa hapa.

Ilikuwa 2015, mwaka wetu wa pili Buffalo, Marekani, tunakaa mtaa wa East Side. Mama yangu mzazi tulikuja naye kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, na tangu tufike alikuwa hali chakula. Nyama ya dukani anaitazama, anasukuma sahani. Alikonda mpaka nikaogopa.

Siku moja akasema anatamani nyama ya porini. Nikamwahidi.

Kazini warehouse kuna jamaa anaitwa Rick, mwindaji. Akanipa upinde wake wa zamani, ule wa kisasa wenye magurudumu ncha zote mbili. Nikasoma kozi ya uwindaji, nikapata leseni.

Rick akaniombea nafasi kwenye shamba la mzee mmoja nje ya mji. Mzee akatoa sharti: kwanza nipige mishale mitatu ndani ya sahani ya karatasi kwa yadi 20, kisha 30, kisha 40. Hataki kulungu ajeruhiwe akafie kwa jirani.

Sasa kuna kitu kinaitwa sight. Kinafungwa kwenye upinde, kina pini ndogo za rangi. Yangu ilikuwa na tatu: ya juu kijani kwa yadi 20, ya katikati njano kwa 30, ya chini nyekundu kwa 40. Unachagua pini kulingana na umbali, unaiweka juu ya shabaha, unaachia.

Lakini pini hazijipangi zenyewe. Unapiga, unaangalia, unasogeza.

Hapa ndipo niliponogewa wakuu. Mshale ukienda juu, unapandisha pini. Sio kushusha! Nilikaa na hilo jambo siku mbili nzima. Kumbe ukipandisha pini, ili uione kwenye shabaha inabidi ushushe mkono, na mshale unashuka nao. Nilifurahi kama mtoto.

Nilifanyia mazoezi nyuma ya nyumba ya Rick, karibu na Lackawanna, yeye akiwa shift. Nikapima umbali, nikapanga pini, mishale ikakaa vizuri. Nikajiona fundi.

Jumamosi tukaenda kwa mzee. Yeye alishaweka alama zake za umbali.

Pini ya 20, yote ndani.

Ya 30, imepanda vidole vitatu.

Ya 40, yote mitatu juu ya sahani, imechoma robota la nyasi lililobandikwa sahani.

Mzee akatikisa kichwa. "Rudi Jumamosi ijayo. Ukikosa tena, msimu huu basi."

Njiani nikawa nawaza. Namwambia nini mama?

Ila kuna kitu kilinikera kwa udadisi. Mkono ukitetemeka mishale inatawanyika. Yangu ilikuwa imekaa pamoja, juu tu, na kosa linakua kadiri unavyorudi nyuma. Nikalaumu upinde, nikalaumu upepo, nikamlaumu hata Rick.

Nyumbani nikachukua tena tepu ya mke wangu, yeye ni fundi cherehani. Akaniuliza, "Baba Neema, hiyo tepu unapimia nini? Wiki iliyopita nilidhani unapima mapazia."

Nikamweleza. Sentimita mia, yadi moja.

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sentimita mia ni mita! Yadi ni fupi. Kambini nimeuza vitenge miaka yote hiyo, wewe hukuona?"

Wakuu, mimi nilijua yadi ni jina la Kimarekani la mita. Kumbe pini nilizipanga kwa umbali mrefu kuliko wa mzee, ndiyo maana kwake mishale ilipita juu. Aibu niliyoipata sina pa kuiweka.

Kesho yake tukaenda wote kwa Rick. Mama Neema kabeba kitenge kizima, yadi sita. Akakilaza kwenye nyasi mara tano, kila mara akianzia kilipoishia. "Thelathini hiyo. Piga."

Nikapiga, nikapandisha pini, nikapiga tena.

Jumamosi mishale yote tisa ikaingia kwenye sahani. Mzee akanionyesha mti wa kukaa.

Siku ya tatu kulungu akatoka. Nikatandaza vitenge kichwani kutoka mtini mpaka alipo. Vitano. Pini ya njano. Nikaachia, akakimbia kidogo akaanguka.

Jioni ile mama alikula. Kisha akanyoosha mkono kwenye sufuria, akaomba mfupa.

Nilitoka nje nikalia.

Nilichojifunza: ukikwama kwenye kipimo, muulize anayeishi kwa kupima, hata kama mnalala kitanda kimoja.

Wa Louisville na Columbus mnaowinda, nyie yadi mnaikadiriaje? Njooni mseme. Na mlionicheka, mke wangu kashawatangulia.