Mkanda Nyuma ya Mlango

Jumamosi iliyopita nilipita kando ya mfereji na binti yangu, tukitafuta duka la baiskeli aliloliona kwenye simu. Tulipofika mlangoni nikaanza kucheka peke yangu. Duka lenyewe ndiyo yale makumbusho yetu ya zamani! Kizingiti ni kile kile cha jiwe, kimelika katikati kwa miguu ya watu, na ile pete kubwa ya chuma ya kufungia kamba za vyombo vya majini bado ipo ukutani, ila sasa wameifungia baiskeli. Binti yangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia twende nyumbani kwanza, hadithi hii haisemwi barabarani.

Basi leo ndiyo tumekaa. Nimemmiminia chai na nimemkataza kuinywa, naye ananitazama kama nimeharibikiwa. Wewe pia, rafiki yangu, kama una kikombe mbele yako, kiache kwanza.

Nikisema makumbusho usidhani ni jumba la nguzo na walinzi. Yalikuwa vyumba viwili vya chini katika ghala la zamani huko mtaa wa Molenbeek, mlango ukitazama maji ya mfereji. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, walikuwa wamekusanya humo kila walichookota cha maisha ya mfereji: taa, kulabu, usukani, picha za wanawake wakianika nguo juu ya tishari, yaani vile vyombo virefu vya ubapa vinavyobeba mchanga na makaa. Palifunguliwa Jumamosi tu. Palinukia lami, kahawa na makoti yaliyolowa, na katikati paliunguruma jiko la kuni ambalo sisi watoto tuliliegemea mpaka nguo zikaanza kutoa harufu.

Bibi yangu, ambaye nyumbani tulimwita Koko, alikuja kutoka Bukavu, kule Kongo, kunilea kwa sababu mama alifanya kazi ya kutunza wazee, Jumamosi zikiwemo. Siku moja mvua ilitukimbiza, tukajibanza humo. Koko akatazama picha, akatazama taa, kisha akatazama sakafu. Sakafu ile ilimuudhi. Akaona ufagio kwenye kona, akaanza kufagia bila kumuuliza mtu, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Jumamosi iliyofuata akarudi na ufagio wake mwenyewe kutoka nyumbani, pamoja na bakuli la mikate. Mikate kwa Wakongo ni yale maandazi ya duara. Yeye aliyatia kungumanga na kuyakaanga mpaka yawe na rangi ya kahawa. Hivyo ndivyo alivyojiunga, na sijui kama kuna siku aliandikishwa.

Raha ya pale huwezi kuimaliza kuisema. Tishari likipita, hata kama kulikuwa na wageni na maelezo yamefika patamu, kila mtu aliacha alichoshika, tukatoka nje kupunga mikono. Nahodha alipiga honi, kioo cha dirisha kikatetemeka. Koko alipunga ufagio wake juu ya kichwa, na nakuambia manahodha walimjua, maana honi ya kwake ilikuwa ndefu kuliko zetu.

Sasa kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona mahali pengine. Kila mtu wa pale alikuwa na kitu chake kimoja, na yeye peke yake ndiye aliyekisemea mbele ya wageni. Mzee mmoja, mfalme wa utani, aliyezaliwa juu ya tishari, alikuwa na taa. Mwalimu mstaafu aliyeongoza pale, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuwa na ramani kubwa. Mwenye kitu akifa au akihama, kitu kilifunikwa kitambaa safi na kikanyamaza. Mara moja kwa mwaka, kabla ya wageni wa majira ya joto, aliyetaka kukichukua alikifunua mbele ya wote. Mwalimu alimimina kikombe cha chai, na wewe ukazungumza mpaka chai ifikie kunyweka bila kupuliza. Ukinyamaza huku inafuka moshi, kitambaa kinarudi, na wewe unasubiri mwaka mwingine.

Koko hakuwa na kitu. Kazi yake ilikuwa kufua vile vitambaa na kuvipiga pasi. Siku moja, akiwa anavikunja, aliniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mutoto, mi siko muntu wa balai tu. Kwetu bantu balikuwa bananijua. Hapa banajua beignets yangu, basi." Balai ni ufagio, na beignets ndiyo ile mikate yake. Niliumia. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba bibi yangu alitaka mtu amsikilize, katika mji huu ambapo watu walimtabasamia tu na kumpita.

Nyuma ya mlango palikuwa na kitu kilichofunikwa tangu kabla hatujafika. Jumamosi moja Koko alikwenda kubadilisha kitambaa chake, akakuta mkanda mpana wa turubai, umeng'aa kwa kutumika, una kamba nene mwishoni. Hakufikiri mara mbili. Aliuvaa kwenye paji la uso, akainama mbele kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyebeba gunia. Mzee wa tishari akaingia wakati huo huo. Alicheka mpaka akashika ukuta! Akamshusha Koko mkanda taratibu, akauweka kifuani. Hapo ndipo unapovaliwa, alisema. Kisha kicheko kikamwisha, akaeleza kwa Kifaransa cha polepole kwamba mama yake alivuta tishari lao kwa mkanda kama ule, akitembea ukingoni, kabla hawajapata injini. Yeye, akiwa mtoto, alishika usukani na kutazama mgongo wa mama yake mchana kutwa.

Koko akavuta kiti. Nikiwa katikati kama mkalimani, akamsimulia jinsi alivyopandisha viazi na makaa kutoka bandarini Bukavu, ziwani kule, kupanda mlima hadi soko la Kadutu, mkanda kwenye paji la uso, macho hayaoni ila vidole vya miguu. Walikaa hapo mpaka jiko likazimika. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akanishika mkono na kusema, "Ile njo kitu yangu."

Kuanzia hapo nyumba yetu haikukalika. Koko alijifunza hotuba ya Kifaransa akiwa anakaanga mikate, na tulikula mikate iliyoungua hadi mama akalalamika. "Mesdames et messieurs, bonjour," alianza kuwasalimu mabibi na mabwana, akishika mwiko kama kipaza sauti. Mimi nilishika maneno yote. Yeye aliyashika jikoni, sebuleni yakampotea.

Siku ikafika. Wote wakakaa, mwalimu akamimina chai, Koko akafunua kitambaa. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri cha samaki wa buluu.

"Mesdames et messieurs, bonjour."

Halafu kimya. Chai inafuka. Nilijua neno linalofuata, lilikuwa limenikaa kwenye ulimi, lakini kunong'oneza hakukuruhusiwa. Mwalimu alikitazama kikombe, akatazama chini, na niliona kwamba hata yeye hakutaka kukirudisha kitambaa kile.

"Bon, njo vile," akasema Koko. Ndivyo alivyosema kila mara mvua ilipolowesha nguo alizoanika. Akafunga kamba ya mkanda kwenye toroli ya chuma ya kubebea magunia iliyosimama ukutani, akamwelekeza mzee wa tishari. "Tonton, ikala." Mzee akakaa juu yake bila kuuliza. Tukadhani atavaa mkanda yeye. Wapi! Alimwendea mwalimu, akamvua miwani taratibu kama unavyomvua mtoto, akamvika mkanda kifuani. "Maman, kokota."

Hakuna aliyewahi kumwamrisha mwalimu chochote. Akavuta. Toroli haikusogea. Koko akamwekea mkono mgongoni, akamsukuma chini. "Inama! Hapana na mikono! Inama, kokota!" Nilitafsiri kwa kupiga kelele, ingawa sidhani kama kulikuwa na haja. Magurudumu yakalia, toroli ikaondoka, na mzee huko juu akaanza kutoa amri kwa Kiflemi, lugha ya kwao, kushoto, kulia, huku machozi ya kicheko yakimtiririka. Mwalimu alimvuta mpaka kizingitini, nywele zimemwangukia usoni, anacheka kama msichana.

Mwalimu akiwa bado anahema, Koko akazungumza, sasa kwa lugha yake, nami nikimfuata. Alisimulia Kadutu na mlima. Alisimulia mama wa yule mzee kana kwamba walikuwa majirani. "Kule banawekaka mukanda ku kichwa," alisema, "huku banawekaka ku kifua. Mais mugongo ni ule moja." Mzee akavua kofia yake. Mwalimu alirudi mezani, akanywa, akakunja uso. Chai ilikuwa baridi kama maji ya mfereji! Tulishangilia mpaka bata wakaruka huko nje. Koko aliketi, akafunika uso kwa kitenge chake, akalia kidogo, kisha akauliza nani hajapata mkate.

Majira yale ya joto na mengine mengi yaliyofuata, foleni ya kuvuta toroli ilitoka nje ya mlango. Wanaume wenye vifua vipana walishindwa, na watoto wao waliojua kuinama wakaweza. Watoto wa Kiflemi waliokuja na shule zao waliondoka wakiimba "Kokota! Kokota!" ukingoni mwa maji. Koko alitembea katikati yao mikono kiunoni, na hakuna aliyemwita tena mama wa ufagio, ingawa kufagia hakuacha.

Kisha vitambaa vikaanza kuongezeka. Taa ya mzee ilifunikwa kwanza. Ikafuata ramani. Ghala likauzwa, na Jumamosi ya mwisho kila aliyebaki akabeba kitu chake. Koko alikuwa ameshatutoka, kwa hiyo mkanda niliuchukua mimi. Niliufunika na kile kitenge cha samaki, nikautundika nyuma ya mlango wa nyumba yangu hapa Auderghem, upande mwingine wa mji, nikisema nikipata nafasi nitaufunua. Miaka imepita nikiwaambia wageni ni koti. Ukweli ni kwamba niliogopa nisije nikaanza halafu nikanyamaza.

Lile jiko halipo, wala harufu ya lami, wala watu wa kutoka nje kupunga mikono. Matishari bado yanapita. Jumamosi ile, tukiwa mbele ya duka, lilipita moja limejaa mchanga, nikapunga mikono yote miwili, binti yangu akaona aibu. Nahodha akapiga honi.

Ndiyo maana leo, kabla sijaanza kusema, nilikifunua kitenge. Mkanda uko magotini mwangu, turubai lake bado linang'aa. Binti yangu amenisikiliza mpaka hapa, kikombe kiko mbele yake. Amekishika kwa mikono miwili, na anakunywa bila kupuliza.