Usingizi wa Dominika

Nilikosea tangu mwanzo: niliamini kwamba Dominika akipata usingizi atasalimika.

Mwaka 1975 nilikuwa katibu wa kijiji kipya nje ya mji, ng'ambo ya Kasense, kijana kutoka Mbeya aliyemaliza kidato cha nne na kujiona ameelimika. Dominika alikuwa mjane wa rika la mama yangu. Operesheni ya kuhamia vijijini ilimtoa kwenye makazi yake ya zamani, alikomzika mumewe, ikamweka katika mstari wa nyumba zilizobanana. Tangu siku hiyo hakulala. Usiku alisaga ulezi ili kupitisha saa. Kule alikotoka, sauti ya jiwe lake isingemfikia mtu. Hapa nyumba sita ziliisikia.

Asubuhi majirani walimngoja kisimani.

"Shikamoo, Mama Dominika," alisema Kalista, jirani yake wa karibu kabisa. "Jana ulisafiri hadi wapi? Siku nyingine utupakie na sisi."

"Marahaba. Nilikuwa nasaga, mwanangu."

"Sisi tunaolima tunachoka, tunalala. Wewe mbona huchoki?"

Pale kisimani neno uchawi halikutajwa, halikuhitajika. Mwenyekiti Gaudensi alimpa mwezi mmoja: alale kama watu, au aondoke kijijini. Kuondoka kulikuwa na maana ya kukosa shamba, naye hakuwa na mtoto wa kumpokea.

Nikajiona mwenye jibu. Hospitalini mjini walikuwapo madaktari wa Kichina waliotibu kwa sindano zisizo na dawa ndani yake. Nilimwandikia Dominika barua ya utambulisho, nikamsindikiza. Daktari, mwanamke mfupi asiyeongea sana, alimtazama ulimi, akampima mapigo mkono wa kulia na wa kushoto, kisha akamchoma sindano nyembamba kama unywele kwenye vifundo vya mikono, miguuni na utosini.

"Mwanangu," Dominika aliniambia bila kutikisika, "mwulize kama akimaliza ananiweka motoni."

Muuguzi Luciana, aliyekuwa akitutafsiria, alicheka hadi akaegemea ukuta. Mwishowe daktari alimbandika mbegu ndogo nyeusi nyuma ya sikio kwa plasta, awe anaibonyeza kila jioni.

Dominika alitembea kwenda mjini mara saba. Baada ya safari ya saba, alilala. Lakini usingizi wa mwaka mzima ulimjia kwa mkupuo, adhuhuri, wakati wa mapumziko kwenye shamba la kijiji. Kalista alimtikisa, hakuamka. Akaiona ile plasta sikioni, akaibandua.

"Njooni mwone hirizi. Mwili huu hapa, mwenyewe hayupo."

"Labda amechoka," nilisema.

"Ndugu Katibu, wewe ni wa Mbeya, haya huyajui. Kama Mchina anamchoma, na sisi tumchome."

Kalista alichukua shazia, ile sindano ya kushonea magunia, akamchoma pajani. Mara ya kwanza Dominika alinung'unika tu, kama mtoto. Watu walicheka. Mara ya tatu aliamka, akatutazama mmoja mmoja, na mimi akanitazama kwa muda mrefu kuliko wengine. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Hadi leo najiuliza kama nilishindwa kusogea kwa woga, au kwa sababu mimi pia nilitaka kuona kama ataamka.

Jioni ile halmashauri ilikaa. Gaudensi alieleza kwa utulivu kwamba mchawi huuacha mwili ukilala ili asishukiwe; mwezi uliotangulia alikuwa ameeleza kwamba mchawi halali. Sikumkumbusha. Barua ya kumwondoa niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri, nikisema anahamishwa kwa ajili ya usalama wake. Dominika alikufa masika yaliyofuata, katika kibanda cha kuazima huko Chanji, pembezoni mwa mji.

Miaka kumi na moja baadaye, nikiwa nimeshahitimu chuo kikuu, nilikutana na Luciana, yule muuguzi, huko Mazwi mjini. Nilimtaja Dominika. Akaniambia kwamba mwaka ule watu kumi na tisa wa kijiji chetu walitibiwa na yule daktari kwa kukosa usingizi, wote wakiwa wamehamishwa, na wote waliomba majina yao yasitajwe. Kalista alikuwa wa kwanza kufika, wiki mbili kabla ya Dominika.