Uzio wa Kufika Magotini

Mwisho wa kiangazi Lubumbashi inanuka vumbi na moshi wa viwanda vya shaba, moshi unaokwaruza koo na kuacha ladha ya msumari mdomoni. Katika kiangazi kimoja cha namna hiyo, nikiwa bado mdogo, mama alikwenda Kasumbalesa, mpakani, kuuza vitenge. Alisema anakwenda na kurudi. Malori hupanga foleni huko hadi madereva wanafua nguo kando ya barabara, kwa hiyo alipochelewa hakuna aliyeshangaa. Baadaye watu walizoea kutokuwepo kwake, na hilo ndilo lililonichoma. Nilibaki na mdogo wake, Tantine Odette, katika nyumba yenye uwanja mtupu, uliofagiliwa kila asubuhi hadi udongo mwekundu ukawa mgumu kama sakafu.

Tantine aliamua kuuzungushia uwanja maua. Sababu hakuificha: majirani walikuwa wakipita polepole, wakichungulia kama dada yake amerudi. Alitaka bugenvilea ndefu kuliko kichwa cha mtu, iwazibe macho. Mimi nilitaka kitu kifupi. Kila jioni nilikaa kizingitini nikiangalia njia itokayo kituo cha magari ya Kasumbalesa, na ambaye angenizibia njia ile angekuwa amenizibia mama. Kulisema hilo sikujua. Nililia tu, nikagoma kula bukari, ugali wetu, hata ilipoletwa na samaki wa Kilwa, ile ya kwetu ziwani.

"Basi, twende tutafute mufupi," Tantine alisema mwishowe. "Lakini usinililie tena, nimechoka."

Kwetu maua hayachaguliwi wakati wa mvua. "Mu mvua kila kintu iko muzuri," aliniambia tukitembea mtaani. "Unaangalia sasa, mu vumbi. Ile yenye iko na maua sasa, ile haitakukimbia." Kwa fundi viatu, waridi lilikuwa limebaki vijiti. Kwa mwalimu, vichaka vilikatwa vizuri, ila moshi ulikuwa umeyakunja majani yakawa rangi ya tumbaku. Tukafika kwa Mama Safi, mshonaji ambaye wazee wake walitoka Maniema. Chini ya dirisha lake kulikuwa na vichaka vya miiba visivyozidi goti la Tantine, majani mabichi, maua madogo mekundu yamejaa. Tangu mvua ziishe hakuwa amevimwagilia hata kikombe.

"Kata, mutoto wangu, kata," alisema, utomvu mweupe ukichuruzika kwenye kijiti cha kwanza. "Lakini maziwa yake isiingie mu macho. Na musipande leo. Acheni kwanza ikauke pale penye mulikata. Ukipanda na maziwa yake, inaoza."

Tulivilaza vijiti barazani hadi vikakauka, kisha tukavipanda vikikaribiana. Jirani mmoja, mzee mcheshi, alisimama kututazama. "Odette, hii ni uzio ao ni mboga? Hata kuku itaruka!"

"Kuku iruke. Weye ndiye sitaki uruke." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia njia nyuma yake.

Mvua zilikuja, zikaisha. Kiangazi kilichofuata kiliunguza kila kitu, lakini vichaka vyetu vilikuwa vyekundu kwa maua. Na mama akaja. Nilimwona mbali, kabla hajaniona, kama nilivyotaka. Alikuwa amevaa wigi jipya, na gari dogo lilimsubiri, mwanamume ndani, injini haijazimwa. Alisimama upande wa pili wa maua.

"Aa, umekomaa," aliniambia. Akapitisha mfuko wa viatu na biskuti juu ya miiba.

"Ingia, yaya," Tantine alimwambia dada yake mkubwa.

"Nitakuya tena. Leo banangoja."

"Mutoto alikungoja kupita yule wa mu gari."

Mama aliinamisha macho. "Mulipanda maua muzuri," alisema. Kisha akaondoka.

Watu huniambia nimsamehe, maisha yalikuwa magumu. Yalikuwa magumu kwa mtaa mzima, na jioni watu walirudi nyumbani. Uzio ule ulifika magotini. Angeinua mguu tu. Ungekuwa ukuta, ningeulaumu ukuta.

Leo mtaa umejaa kuta za matofali zenye vipande vya chupa juu, huoni nani anarudi wala nani anaondoka. Maua yanauzwa kando ya barabara katika mifuko myeusi, wakati wa mvua, na watu wanachukua yenye rangi kali. Mimi nina binti sasa, tunaishi wawili katika chumba cha kupanga. Wenzangu wa sokoni wananiita twende Kasumbalesa, eti faida iko huko. Nikikataa wanasema nina kiburi. Waseme. Kila jioni, saa ile ile, nasukuma lango la chuma, linapiga kelele uwanja mzima, na binti yangu yuko chini anampikia mdoli wake wa matambara. Hainui kichwa.

"Mutoto gani huyu?" mama mwenye nyumba hufoka. "Mama yake anaingia, hata kuangalia haangalii!"

Natua mzigo taratibu, nisimkatize mpishi.