Pumzi ya Baba Ndani ya Tarumbeta

Mwalimu wa kwaya alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akaziweka taratibu juu ya meza yangu.

"Wimbo mzuri," alisema. "Ila unalia kama simu."

Iliniuma. Kwaya yake ya huko milimani Uluguru ilikuwa inajiandaa kurekodi nyimbo za Pasaka, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutengeneza okestra nzima kwa kompyuta, chumbani kwangu Msamvu. Violini nilishazisogeza zisianze zote kwa pamoja, maana watu halisi hawaanzi hivyo. Nguvu ya kila noti niliipanga moja moja. Violini zikakubali. Tarumbeta ikakataa, ilibaki bapa, kama mtu anayesoma asichokielewa.

Nikamkumbuka baba. Ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi ya misheni, na bado anayo, ameiviringisha kwenye shuka kabatini, nyumbani Mgeta anakolima kabichi na njegere. Nikabeba kompyuta na maikrofoni, nikapanda mlima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Haya, nisikilizishe huyo mpigaji wako."

Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Huyu hapumui! Angekuwa mtu, sasa hivi tungekuwa tunachimba kaburi."

Nilimwomba apige kipande kile kile nimrekodi, nijue anavuta pumzi wapi, noti anaianzaje na anaiachiaje, ili mpigaji wangu wa kompyuta amfuate. Tulifunga madirisha kuzuia upepo. Nikavaa hedifoni, nikasogeza maikrofoni karibu na kifua chake ili inase pumzi.

Alipiga vizuri. Noti ndefu aliianza kwa upole, akaiacha ikue, akaipunguza kabla haijaisha. Nilikuwa natabasamu. Halafu akavuta pumzi, na tabasamu likanitoka.

Kwa masikio matupu nisingesikia. Chini ya ile pumzi kulikuwa na mkwaruzo, kama vipande viwili vya ngozi kavu vinasuguana. Nikadhani ni waya. Nikabadilisha waya. Akarudia, na mkwaruzo ukarudi kila alipovuta hewa.

"Baba, hebu vuta pumzi tu, usipige."

Akavuta. Mkwaruzo ulikuwa pale pale, nikavua hedifoni.

"Vipi, nimekosea?"

"Hapana. Pumzika kidogo."

Nilimgeuzia mgongo, nikajifanya natazama kompyuta. Mwanzoni alikuwa amepiga vifungu virefu. Vya mwisho alivikata katikati, mahali ambapo mpigaji kama yeye hakati. Nilipomgeukia tena ndipo nikaona nilichokipita mlangoni bila kukitambua: shati lilivyomning'inia mabegani, na koti zito alilolivaa ndani ya nyumba.

"Unakohoa tangu lini?"

"Baridi ya huku si unaijua."

"Baba."

Aliitazama tarumbeta mapajani mwake. "Tangu tulipopanda njegere. Na nikilala natoka jasho. Sikutaka kukutisha."

Mama yangu naye alisema ni baridi tu, na tulimzika. Nilitaka kulia, lakini nikaona nikilia mbele yake atakataa kuondoka.

Tulishuka na gari la kabichi, mvua ikinyesha, tope likiteleza kando ya korongo. Kila kona dereva alimtaja Mungu kwa sauti. Mimi nilishika kifundo cha mkono wa baba. Alipokohoa niliogopa, alipoacha kukohoa niliogopa zaidi, nikawa namtikisa nikisingizia gari.

Hospitalini daktari alimsikiliza mgongoni, akaagiza picha. Upande mmoja wa kifua ulikuwa umejaa maji. Makohozi nayo yakapimwa, ukaonekana ugonjwa wenyewe: kifua kikuu.

"Mmewahi," daktari alisema. "Atapona, akimaliza dozi."

Nilisikia "kifua kikuu" tu. Hayo mengine baba mwenyewe ndiye aliyenieleza tena kule kwenye korido, polepole, kama ndiye aliyenileta mimi.

Walimtoa maji. Akaja kukaa kwangu Msamvu, akimeza vidonge kila asubuhi. Kwa muda sikuthubutu kufungua ile rekodi. Nilipoifungua, nilikaa karibu na mlango ili nimsikie na yeye chumba cha pili. Nilimpa mpigaji wa kompyuta mapumziko ya baba, na ile noti inayokua halafu inapungua. Kisha nikapandikiza pumzi zake mwenyewe kati ya vifungu. Mkwaruzo niliufuta.

Mwalimu wa kwaya alisikiliza, akanikazia macho. "Huyu umemtoa wapi?"

Nilimwonyesha mlango wa chumba cha pili.

Dozi ilipoisha, baba aliomba tarumbeta yake. Nilisimama mlangoni, nikimtazama kifua.

"Usinitazame hivyo, mama. Mimi si maiti."

"Piga, baba."

Akavuta hewa. Niliisikiliza ikiingia, yote, hadi chini, nikitafuta ule mkwaruzo kwa masikio yasiyoweza kuusikia. Noti ilitoka nyembamba, ikayumba, ikasimama. Hakuifikisha mbali. Akaishusha tarumbeta, akafuta mdomo, akaniambia nikamwekee chai.