Kufunga kwa Ajili ya Mstari wa Mbele

Mwaka wa 2015 kazi yangu chuoni, huko Buffalo, Marekani, ilikuwa kuwapa watu alama kwa nguvu zao. Mimi, niliyetoka Kenya kusomea takwimu na ambaye sikuwahi kusukuma hata mkokoteni! Kocha wa mstari wa mbele katika mpira wa Kimarekani, wale watu watano wanene wanaomkinga mrusha mpira asiangushwe, alinipa video za mechi akaniambia nitazame miguu, nisidanganywe na mabega. Anayesimama imara, moja. Anayesukumwa nyuma, sifuri.

Tulirudi kutoka mechi ya Columbus tumechapwa vibaya. Kwenye video wapinzani waliupita mstari wetu kama pazia, na sifuri nyingi zilimwangukia kijana mmoja Mrundi, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi Tanzania, aliyekulia mtaa wa Black Rock hapo Buffalo. Alijua kucheza kuliko wenzake wote ila uzito wake ulikuwa mdogo. Kocha akasema Alhamisi atapimwa uzito, kisha ainue chuma. Akishindwa, ataondolewa kikosini, na chuo kitaacha kumlipia karo.

Jumapili mama yake alinishika mkono nje ya kanisa.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeandika. Tufanye nini?"

Nilijua la kufanya. Zilikosekana pauni sita tu kufikia uzito uliotakiwa: ugali, mayai, usingizi wa kutosha. Lakini basi langu lilikuwa linakuja, nikampa lile jibu letu la kila siku.

"Mwombeeni tu, mama. Mungu yupo."

Alhamisi kijana alifika midomo imempauka. Alipopanda mizani nilidhani imeharibika. Badala ya kuongeza sita, alikuwa amepungua kumi na moja.

"Umekuwa ukila nini wewe?" nilimfokea.

"Tumefunga, kaka. Siku tatu, maji tu. Kanisa zima. Mama alisema wewe ndiye uliyetushauri tuombe."

Kwao ombi zito haliendi na tumbo lililoshiba. Nami nililijua hilo vizuri, kwa kuwa nilisali nao kila wiki. Nilimsihi kocha ampime wiki ijayo. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye chuma. Mara ya kwanza kijana aliinua. Mara ya pili alitetemeka. Ya tatu chuma kilimlalia kifuani, tukakiondoa watu wawili, naye akabaki amelala pale anatazama dari. Niliandika namba zilivyokuwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilijichukia kwa hilo.

Haraka haraka haina baraka, ni kweli, ila haraka ilikuwa yangu na baraka iliyopotea ilikuwa ya mwingine.

Jumapili iliyofuata mama alinisubiri mahali palepale. Kijana alikuwa ameshaanza kazi ya kubeba maboksi ghalani. Nilitaka kumwambia mama ukweli wote. Akanitangulia.

"Usihuzunike, mwanangu. Hatukufunga vya kutosha. Kesho tunaanza siku saba, na yeye yumo."

Basi lilikuwa linakuja.

"Amina, mama," nikasema.