Bi Salama Amesimama Mlangoni

Usiku ule nililala na furaha ya kijinga. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imekamilika, kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuipeleka chuoni, na msimamizi wangu alikuwa ameisifu sura ya nne mpaka nikaota pembe. Sura hiyo ilihusu ngoma za wanawake wa Tanga enzi za mkoloni, vyama viwili vilivyoshindana kwa sare na kwa nyimbo za kusutana. Manju wa chama kimoja alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Wa pili alikuwa Bi Salama. Kabla hajafa, Bibi alinihadithia yote, tangu tusi la kwanza hadi siku waliyopatana wakala sahani moja. Ugomvi niliuandika wote. Mapatano niliyaacha, maana yalinipoozea hoja.

Nikajikuta katika ua wa nyumba ya zamani. Wanawake wamesimama juu ya mabenchi, wamevaa sare nyekundu, wanayumba taratibu na ngoma haisikiki. Nilimtafuta Bibi mstarini, sikumwona. Kugeuka, mabenchi ni yale ya ukumbi wa mihadhara, na msimamizi wangu amekaa mbele anapiga makofi.

"Hapo hapo," anasema. "Pazuri hapo, endelea."

Nami naendelea. Nasoma wimbo ambao Bibi alimtungia Bi Salama, wa kumcheka kwa kukosa mtoto. Nausoma kwa mbwembwe, na kila ubeti ukiisha mwanamke mmoja anashuka benchini na kuondoka.

Mwishowe tumebaki mimi na Bibi. Ni kijana kuliko mama yangu. Amekaa mkekani, mbele yake sahani ya pilau, mkono ameshanawa, maji yanamdondoka vidoleni.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Bibi huyu huyu, aliyekuwa akiniita mke mwenza na kunitania mbele za wageni mpaka nikimbilie jikoni! Uso uliniwaka.

"Kula, Bibi, pilau linapoa."

"Nile na nani?"

Akanionyesha mlango kwa kidevu. Nje amesimama mwanamke mrefu, kanga ameivuta mpaka usoni. Sikuwahi kumwona maishani, lakini nilijua ni Bi Salama. Nikamkaribisha, hapiti. Nikamshika mkono, akautoa polepole, kwa adabu. Afadhali angenipiga kofi.

"Nitapitaje, mwanangu?" anasema. "Humu ndani natukanwa."

Nikaanza kujitetea. Nikasema huu ni utafiti, nikasema historia haifichwi. Maneno yalinitoka makavu kama pumba, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutoyaamini. Bibi aliningoja nimalize.

"Wimbo ule niliutunga mimi. Na ni mimi niliyekwenda kumwangukia miguuni, watu wakitazama. Tulipatana, mke mwenzangu. Mbona umetugombanisha tena?"

Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Nataka kuketi, mkekani hapana nafasi. Nataka kutoka, na mlangoni yupo Bi Salama.

"Unamwomba nani radhi?"

Alikuwa Mama, ananitikisa bega. Kumekucha, nami mto umelowa machozi. Nikamsimulia yote, ua, sahani, mgeni wa mlangoni, hata yale mapatano niliyoyaacha kwa makusudi. Nilidhani atacheka, kwa sababu Mama na ndoto ni paka na maji. Hakucheka. Alikaa kando ya kitanda akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake.

"Sasa wewe uliyewagombanisha ndiye utakayewapatanisha," akasema. "Wao hawana tena mdomo."

"Mama, sura nzima itavunjika. Kuiandika upya ni wiki kadhaa, na leo ndiyo mwisho. Mahafali yatanipita."

Akainuka, akaifungua mwenyewe kompyuta yangu, yeye asiyejua hata pa kubonyeza, akaniwekea magotini.

"Yakupite," akasema. "Mama yangu hajala."